Msaidizi wa kisheria: kabla hujalipa ada, jua kuna njia mbili na hazifiki mahali pamoja

Msaidizi_Kata (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haitulii. Swali ni lile lile: "Kaka, nataka kuwa paralegali kama wewe, nisome wapi na mshahara unaanzia ngapi?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, sasa nimeona niliweke hapa ili hata asiye na namba yangu alipate. Nitaandika kirefu, mnivumilie, maana nimeona vijana wakiuza mbuzi wa mzazi kulipia kitu ambacho hawakukielewa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wilayani Kilosa tangu 2014. Ninalima mahindi na ufuta. Hilo la kulima nimelitaja makusudi, mtaona kwa nini.

Jambo la kwanza. Hapa Tanzania jina "msaidizi wa kisheria" linabeba watu wa aina mbili. Ukisoma mtandaoni habari za Marekani utakuta ni mtu aliyeajiriwa kwenye ofisi ya mawakili, ana meza yake na mshahara wake wa kila mwezi. Kijana anasoma hayo, kisha anasikia kuna mafunzo ya wasaidizi wa kisheria wilayani kwao, anaunganisha hayo mawili na kujiona ameajiriwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Njia ya kwanza ni yetu sisi wa jamii. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya 2017, ndiyo iliyotutambua rasmi. Kabla ya hapo tulikuwa tunafanya kazi kwa barua ya utambulisho na uvumilivu wa mtendaji wa kata. Sheria hiyo inampokea mwenye elimu ya sheria ya chuo, na inampokea pia mtu wa kawaida aliyesoma sekondari kisha akamaliza mafunzo ya usaidizi wa kisheria yanayotambuliwa. Mafunzo yetu yalikuwa ya siku 25. Tulisoma katiba na haki za binadamu, ndoa, mirathi, ardhi, mtoto, kazi, jinai kidogo, mfumo wa mahakama, na namna ya kumsikiliza mtu anayelia bila kumkatiza. Hilo la mwisho lilichukua siku moja tu na ndilo ninalolitumia kila siku.

Kazi zetu kwa sheria hiyo ni kutoa elimu, kumwelekeza mtu kwenye chombo sahihi, kumsaidia apate huduma, na kuwashauri wanaogombana wapatane au waende panapohusika. Kusimama mahakamani kama wakili hatuna ruhusa. Na huduma ni bure. Narudia, BURE. Ukimtoza mwananchi hela ukajiita msaidizi wa kisheria, wewe ni kishoka kama vishoka wengine wote waliojipanga nje ya mahakama na mashine za kuchapa.

Njia ya pili ni ya darasani: astashahada ya sheria mwaka mmoja, kisha stashahada miaka miwili. Chuo kinachojulikana zaidi ni kile cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya 1998. Mzumbe nao wanafundisha. Kuingia astashahada kunahitaji ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, ukiondoa ya dini. Huko unatoka na cheti kinachokuwezesha kuomba kazi. Njia ya kwanza haikupi hicho.

Sasa nieleze kazi yenyewe ikoje, kwa sababu wengi hamjaiona.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja mjane. Alifungua pindo la kanga akatoa cheti cha kifo kilichokunjwa mara nane, mikunjo imeanza kuchanika. Shemeji yake alikuwa ameshauza kipande cha shamba na anataka kuuza kilichobaki. Mama anasema, "Mwanangu, nimeambiwa nilete wakili, na wakili anataka laki tano." Nikamwambia hili ni la Mahakama ya Mwanzo, na pale unaingia kwa mdomo wako mwenyewe. Tukaanza na kikao cha ukoo. Ilibidi niende mara tatu, maana mara mbili za kwanza shemeji alihakikisha watu hawatimii. Mara ya tatu nilipitia kwa mzee wa ukoo mwenye heshima yake, akawaita yeye. Muhtasari ukaandikwa, wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Tukajaza Fomu Namba I ya kuomba usimamizi wa mirathi. Siku ya kesi nilikaa benchi la nyuma kabisa. Yeye alisimama mbele, akataja watoto wake wanne kwa majina na umri, akataja shamba na mipaka yake kwa miti. Hakimu alimuuliza swali moja tu la ziada.

Aliteuliwa. Wengi mnadhani inaishia hapo, na wasaidizi wengi wageni ndipo wanapomwacha mteja. Msimamizi akishapewa barua yake anatakiwa kurudi mahakamani na orodha ya mali na baadaye hesabu ya namna alivyogawa, fomu namba V na VI. Asipofanya hivyo, yule yule shemeji atarudi kuomba aondolewe, na ataondolewa kwa haki. Tulimaliza baada ya miezi saba. Alikuja nyumbani na jogoo. Nilimrudishia, nikamwomba maji ya kunywa, nikanywa mbele yake ili asione nimemdharau. Mtu hafundishwi hayo darasani, ila ukipokea jogoo mmoja leo, kesho asiye na jogoo hatakuja.

Kipato? Hakuna mshahara. Unapata nauli na posho pale kituo chenu kikiwa na mradi. Mradi ukiisha posho inaisha, lakini wateja hawaishi. Ndiyo maana nilianza kwa kusema ninalima.

Ulizeni nijibu ninachokijua.

---

Dogo_Mikumi

Asante sana kaka. Mimi ndiye huyo huyo unayemsema. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, nina D tano na C moja ya Kiswahili. Nilikuwa nimeambiwa kuna chuo kinatoa "diploma ya paralegali" miezi mitatu kwa laki sita na nusu, na ukimaliza unaajiriwa halmashauri. Baba ameshaanza kutafuta hela. Nifanye nini?

---

Mama_Wawili

Dogo, mwambie baba aache kabisa kutafuta hiyo hela leo hii. Naomba unisikilize kama dada yako.

Mimi nililipa. Sitataja chuo, kilikuwa juu ya duka la vipuri, madarasa mawili na ubao. Tulisoma miezi minne, tukapewa cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu. Nilipokwenda kuomba kujiunga na stashahada chuo kingine, karani wa udahili aliandika jina la chuo kwenye kompyuta, akaandika tena, akaniangalia kwa huruma. Hakikuwa kwenye orodha ya NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya kati. Cheti changu hakikuwa na thamani hata ya karatasi iliyotumika kukichapa. Niliporudi pale juu ya duka la vipuri mlango ulikuwa na kufuli na mpangaji mpya.

Diploma ya miezi mitatu HAKUNA. Stashahada ni miaka miwili baada ya astashahada. Kabla ya kulipa hata shilingi, ingia tovuti ya NACTVET, tafuta jina la chuo, kisha tafuta na kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kwa ualimu au afya na kozi ya sheria hawana ruhusa nayo. Mimi sikulijua hilo la pili hadi baadaye.

Nilianza upya kwa astashahada ya kweli nikiwa na miaka 27, na watoto wawili. Nimemaliza. Lakini mwaka ule uliopotea hakuna wa kunirudishia.

---

Msaidizi_Kata

Dada Mama_Wawili, asante kwa kuliweka wazi, najua si rahisi kulisema.

Dogo, fuata alivyokwambia. Na neno "unaajiriwa halmashauri": hakuna chuo chochote chenye uwezo wa kukuahidi ajira ya serikali. Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba mwenyewe kwenye mfumo wao, unaitwa usaili. Anayekuahidi njia nyingine anakuuzia hewa.

---

Mtendaji_Kijiji

Wakuu, naongezea kwenye njia ya pili kwa sababu ndiyo niliyopita.

Nina astashahada ya sheria. Wengi wanaomaliza wanasubiri tangazo lililoandikwa "Sheria" kwa herufi kubwa, na hayo yanataka shahada karibu yote. Zamani mwenye stashahada ya Lushoto aliweza kuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Siku hizi uhakimu huo unataka shahada. Kwa hiyo ukisoma leo ukiwa na ndoto ile ya zamani ya babu zetu, utaumia.

Soma tangazo la Mtendaji wa Kijiji Daraja la III hadi mwisho. Fani wanazozikubali ni utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha, maendeleo ya jamii na sayansi ya sanaa, ngazi ya NTA 5 (hizo ni ngazi za tuzo za vyuo vya kati). Sheria imo pale ndani, ya pili kwenye orodha! Niliomba mara tatu. Mara mbili za kwanza niliishia usaili wa kuandika. Ya tatu nikapata.

Na niwaambie, elimu ile ninaitumia kuliko ningekaa ofisi ya mjini. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mwekezaji na barua nzuri, anataka eka za kijiji. Wajumbe wa halmashauri ya kijiji walikuwa tayari kusaini mezani, soda zimeshafunguliwa. Nikawaambia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kimya kikapita. Mwenyekiti akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwonyesha kifungu, nakala nilikuwa nayo kwenye simu. Tukaitisha mkutano. Wananchi walikataa nusu ya lile eneo kwa sababu ndipo ng'ombe wanapopita kwenda majini, jambo ambalo hakuna mjumbe aliyekuwa amelikumbuka.

Mshahara wa mtendaji si mkubwa, lakini unaingia kila mwezi na una mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa mtoto wa mkulima hilo si dogo.

---

Mjengwa_Hoja

Samahani mleta uzi, nina swali gumu na nauliza kwa nia njema. Unawaambia vijana wafanye kazi bure wakati nchi nzima inajua haki ni haki ya kila mtu na serikali ndiyo yenye wajibu. Wasaidizi wa kisheria ni maelfu. Wanasuluhisha migogoro ambayo ingejaza mahakama. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia tangu 2023 imezunguka mikoani, mawakili na maofisa wanakuja kwa magari, wanakaa siku kadhaa, wanaondoka. Anayebaki na mafaili ni nani? Ni ninyi. Kwa nini mnakubali?

---

Msaidizi_Kata

Swali lako ni la haki na nimelala nalo usiku mwingi.

Kampeni siidharau. Timu ilipofika kwetu, watu waliokuwa na kesi za ardhi za miaka mingi walikaa mezani na ofisa mwenye mamlaka ya kusema "hili limekwisha" au "hili nenda kule". Mimi sina mamlaka hayo. Lakini ni kweli kabisa, walipoondoka, simu zilizopigwa zilikuwa za kwangu. "Kaka, waliniambia nirudi na muhtasari, muhtasari ndiyo nini?"

Msimamo wangu ni huu na nausema hata kwenye vikao: huduma iendelee kuwa bure kwa mwananchi, lakini isiwe bure kwa anayeitoa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alianza kwa kujitolea kama sisi, na hoja ya kumlipa posho ya kila mwezi ikasimama hadi ikasikika. Msaidizi wa kisheria naye awekwe kwenye bajeti ya halmashauri, hata nauli na karatasi tu kwa kuanzia. Mwaka uliopita nilitembea kilomita kumi na nne kwenda kikao cha usuluhishi kwa sababu sikuwa na nauli, na nilikwenda kwa sababu tarehe ilikuwa ni ile.

Kwa nini nakubali? Kwa sababu nisipokwenda, anayekwenda ni kishoka. Sina jibu lingine zaidi ya hilo. Lakini kijana wa miaka 19 sitamshawishi aishi hivyo bila kumwonyesha hesabu yake kwanza.

---

Wakili_Kanda_ya_Ziwa

Nimesoma uzi wote. Ninaendesha ofisi ndogo Mwanza, mawakili watatu na makarani wawili. Niwape upande wa mwajiri.

Karani wangu mkuu ana stashahada. Asubuhi anafungua mfumo wa mahakama wa kielektroniki wa kusajili mashauri, anaangalia nini kimepangwa, nani ameahirishiwa, hati ipi imekataliwa kwa sababu kiambatisho hakisomeki. Anajua hakimu yupi yuko likizo. Anaandaa rasimu ya kwanza ya barua na hati, mimi napitia na kusaini. Ana daftari la tarehe za mwisho, na daftari hilo ndilo uhai wa ofisi. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Mfanyakazi aliyefukuzwa ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mteja anakuja siku ya 28 akitabasamu. Karani mzuri anamwona mlangoni na swali lake la kwanza ni "barua ya kufukuzwa ina tarehe ngapi?"

Mshahara: anayeanza kwangu ni laki tatu. Aliyenisaidia miaka mingi anapata zaidi ya mara mbili ya hapo. Si utajiri.

Tatizo mlijue: ninapotangaza nafasi moja ya karani, napokea wenye shahada ya sheria wengi, wanaosubiri Shule ya Sheria (mafunzo ya uwakili baada ya shahada) au waliokwama huko. Mwenye astashahada anashindana na hao. Anawashinda vipi? Nimeona kwa macho yangu: kwa kuandika. Tangu 2021 sheria imeitaja lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na bado vijana wengi wa shahada hawawezi kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kisheria kilichonyooka. Kijana anayejua tofauti ya mlalamikaji na mlalamikiwa, mdai na mdaiwa, mrufani na mrufaniwa, na anayeandika bila kuchanganya, huyo namchukua. Nyingine: ingia TanzLII, tovuti yenye sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, soma hukumu moja kila siku. Anza na ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani ilipokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ukiielewa hiyo, umeelewa nusu ya wateja watakaoingia mlangoni.

Na onyo: usijaribu kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo ukiwa nje ya ofisi ya wakili. Sheria ya Mawakili inalihesabu kuwa kosa.

---

Mwana_wa_Wete

Assalaam alaykum. Huku Zanzibar mambo ni tofauti kidogo, nisije nikawaacha wenzangu wa visiwani wakifuata ya bara. Tunayo sheria yetu ya msaada wa kisheria ya 2018. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na ndicho kilichotufunza wengi wetu. Sisi tulisoma miaka miwili, kwa vipindi, si siku 25 mfululizo. Unasoma, unarudi shehiani, unafanya kazi, unarejea darasani na masuali.

Kesi zetu nyingi ni talaka, matunzo ya watoto na mirathi, kwa hivyo lazima ujue njia ya Mahakama ya Kadhi na ujue kukaa na sheha. Mwanamke akija huku hataki umwambie kifungu. Anataka ukae nae barazani, umsikilize mpaka amalize, ndipo umuulize kama cheti cha ndoa anacho. Mara nyingi hana, kimebaki kwa mume.

Mshahara na sisi hatuna. Lakini wawili katika kundi letu walichukuliwa na mashirika kuwa wasimamizi wa miradi kwa sababu ya uzoefu ule, na mmoja amekwenda kusoma sheria chuo kikuu.

---

Mlikoni

Nimepitia hapa nikitokea Mombasa. Kwetu Kenya, Sheria ya Msaada wa Kisheria ni ya 2016, na wasaidizi wa kisheria wanaidhinishwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kuna pia stashahada ya masomo ya usaidizi wa kisheria katika Shule ya Sheria ya Kenya, hiyo ni ya darasani kabisa. Shida ya pesa ni ile ile. Ndugu Msaidizi_Kata, hapo kwenye jogoo umenigusa. Mie nilipewa samaki, nikamrudishia mzee wa watu, akanuna wiki nzima.

---

Binti_Mzumbe

Swali kwa wote: nikianza na astashahada, naweza kufika kuwa wakili? Au nimejifungia?

---

Mama_Wawili

Hujajifungia. Astashahada, kisha stashahada. Ukipata GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada unaweza kuomba shahada ya sheria. Baada ya shahada ni Shule ya Sheria, kisha unaomba kuandikishwa uwakili kwa Jaji Mkuu. Ni njia ndefu, hesabu miaka saba au nane. Mimi niko hatua ya pili sasa. Kila muhula huwa naandika kwenye daftari nimebakiza miezi mingapi, na naendelea.

Ukiwa na matokeo mazuri ya kidato cha nne, usikimbilie, fikiria kidato cha tano na sita. Inaweza kuwa fupi zaidi.

---

Wakili_Kanda_ya_Ziwa

Sahihi. Nitaongeza kazi moja ambayo vijana hawaifikirii: usambazaji wa nyaraka za mahakama na udalali wa mahakama. Kuna kanuni zake za 2017, na Lushoto wanatoa mafunzo yake. Inataka umakini na mtaji, na mtu asiye mwaminifu haidumu mikononi mwake, lakini ni kazi halali na mahitaji yapo.

---

Dogo_Mikumi

Nimemsomea baba uzi wote jana usiku kwa tochi ya simu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo laki sita na nusu tutanunulia mbegu na mbolea, iliyobaki tuweke ya Lushoto." Tumekubaliana niombe astashahada dirisha likifunguliwa.

Lakini kaka Msaidizi_Kata, nina miezi kadhaa hapa nyumbani. Naweza kukaa kwenye kituo chenu nijifunze? Sihitaji posho. Naandika vizuri, na nina baiskeli.

Na kuna jambo lingine. Jirani yetu amegombana na mpangaji wa shamba, amepeleka Baraza la Kata na wanamwambia hawana tena uwezo wa kuamua. Anadhani wanataka rushwa. Ni kweli?

---

Msaidizi_Kata

Mwambie baba nimemsalimia kwa heshima.

La jirani: hapo wamemwambia kweli. Sheria ilibadilishwa 2021. Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, na lina siku 30. Wakishindwa kuwapatanisha, wanaandika hati ya kuthibitisha hivyo, na bila hati hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halimpokei, isipokuwa siku 30 ziwe zimepita bila suluhu, hapo anaweza kwenda hata bila hati. Kwa hiyo asigombane nao. Ahudhurie usuluhishi, aende na watu wanaoijua mipaka, na siku 30 zikipita bila mapatano adai hiyo hati kwa adabu. Muulize alipeleka lini. Tarehe ndiyo ya kwanza kuijua, kama wakili wa Mwanza alivyosema.

Kuhusu kukaa kituoni: usimamizi wetu wilayani uko kwa msajili msaidizi, yeye ndiye anayeandikisha wasaidizi, kwa hiyo hutajiita msaidizi wa kisheria hata siku moja kabla ya mafunzo na usajili. Utakuwa mwandishi wetu. Utaandika daftari la wateja: jina, kijiji, shida yenyewe, imepelekwa wapi, imerudi lini. Unachokisikia pale hukisemi nyumbani, hata kwa baba. Ukiweza hilo, njoo Jumanne saa tatu asubuhi. Njoo na kalamu mbili, moja huwa inaishia mikononi mwa wateja wanaosaini. Na mwambie jirani mpande basi pamoja, aje na ile karatasi aliyopewa kata, hata kama imechanika.